Kocha wa Barafuni na Kocha wa Mkolani

Nimewahi kuendesha gari juu ya maji, na nililipwa mshahara kwa kazi hiyo. Nasema mapema ili msomaji ajue anasoma habari za mtu wa aina gani. Nilizaliwa ufukoni mwa ziwa, upande wa Mara, katika nyumba ya wavuvi na wakulima wa mihogo, na hakuna mjomba wala waziri aliyenishika mkono. Finland nilifika kwa nguvu zangu, nikiwa yaya wa watoto wa familia moja ya wamisionari waliokuwa wanarudi kwao. Mkataba wangu ulipokwisha sikurudi. Nilipata kazi ya kusafisha ngazi na vyoo katika ukumbi wa barafu wa mji mmoja wa kaskazini, na jioni nikasoma kwa lugha yao, lugha ambayo wenyewe hukiri kuwa ni ngumu, mpaka nikapata stashahada ya mitambo ya ubaridi. Iko ukutani sebuleni kwangu, ndani ya fremu ya kioo. Wageni huiona kabla hawajaona pa kukaa.

Nilipofuzu, wakanikabidhi barafu yenyewe. Ukumbi ule ulikuwa makao ya timu ya kulipwa ya mpira wa magongo wa barafuni. Wachezaji huvaa viatu vyenye visu chini, hukimbia kuliko pikipiki ya mjini, na hupigania kidonge cheusi cha mpira mgumu, bapa kama chapati ndogo. Wakishachezea ile barafu huwa imechanika kama shamba lililolimwa. Hapo ndipo nilipoingia mimi na gari langu la kulainisha. Mbele linakwangua, nyuma linamwaga maji ya moto kidogo sana, na maji yale yanaganda nyuma yako wakati unaendelea kuzunguka. Mwishoni unageuka kutazama na unaona kitu kisicho na alama hata moja, kinang'aa mpaka taa za dari zinaonekana chini. Watu maelfu wamekaa kimya wakikutazama. Nimeingia makanisa makubwa ya huko, yenye vioo vya rangi, na sikupata ndani yake hali niliyokuwa naipata pale kila nilipozima injini na kutazama kazi yangu.

Timu yenyewe ilikuwa mbovu. Kila ilipofungwa mfululizo, wenye timu walimfukuza kocha. Kocha mpya alikuja na suti mpya, akapigwa picha, akaahidi ubingwa, na baada ya muda nikamwona anatoka kwa mlango wa nyuma, karibu na gereji ya gari langu, amebeba vitu vyake kwenye boksi. Mlango ule niliufahamu vizuri kuliko mwandishi yeyote wa habari wa mji ule. Niliwafungulia wengi.

Kisha akaletwa mzee mmoja mwenye mabega mapana na sauti ndogo. Siku ya kwanza aliwakusanya wachezaji kwenye barafu, mimi nikiwa bado nakwangua pembeni, akawaambia maneno ambayo sijawahi kumsikia kocha mwingine akiyasema. Aliwaambia kwamba watafungwa msimu huo, na huenda na msimu ujao pia, na kwamba anayeona aibu kufungwa aondoke sasa hivi. Mastaa wawili waliondoka kweli. Mahali pao akaweka vijana wa timu ya pili, wenye chunusi usoni. Akawafundisha kitu kimoja tu kwa majuma na majuma: ukishapokea, toa, kisha nenda mahali ambapo hakuna mtu. Hawakuruhusiwa hata kupiga golini. Nilikuwa nasimama na thermosi yangu ya chai na kuwatazama. Mwanzoni walikuwa wanagongana. Baadaye ilikuwa kama kutazama samaki wadogo wa ufukoni kwetu wanapogeuka wote pamoja bila mmoja wao kuamriwa. Mzee hakupiga kelele. Alikuwa anakuja kuniuliza, "Leo barafu ngumu au laini?" na nilipomjibu alibadilisha mazoezi kufuatana na jibu langu. Mtu kama huyo huwezi kumsahau.

Walifungwa, kama alivyosema. Mashabiki walizomea. Wenye timu wakavumilia, sijui kwa nini.

Sikukaa kuona mwisho. Huku nyumbani milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa, wawekezaji walikuwa wanajenga viwanda vya minofu ya sangara kando ya ziwa, na kila kiwanda kilihitaji barafu nyingi kuliko mkate. Nani Mwanza alikuwa anaijua barafu kunishinda? Nilirudi na stashahada yangu, na ndani ya muda mfupi mitambo ya barafu ya kiwanda kimoja ilikuwa chini yangu, na wanaume wenye ndevu walikuwa wananiuliza kabla ya kufungua valvu ya amonia. Kwa cheo halisi mimi ni fundi sanifu. Mkolani, mtaa wa Mwanza nilikohamia, waliniita injinia, na sikuona sababu ya kuwakatalia. Nilijenga nyumba huko, ya bati la rangi, nikaweka jenereta kwa ajili ya mgao wa umeme, televisheni kubwa na deki ya video.

Fundi mwenzangu wa kule ukumbini hakunisahau. Kila baada ya muda alinitumia kanda za mechi, amezirekodi kutoka kwenye televisheni ya mkoa wao. Jumapili baada ya ibada niliweka televisheni barazani, nikafunga mapazia upande wa jua, na jirani yeyote alikaribishwa. Sikutoza hata senti. Mimi ndiye niliyekuwa mtangazaji, maana mtangazaji wa kwenye kanda alisema Kifini.

"Injinia, mpira uko wapi?" waliuliza siku ya kwanza.

"Ule mweusi."

"Mimi naona wanaume wanagombana tu."

"Na chini ya hiyo barafu kuna maji?" aliuliza mama mmoja muuza dagaa. "Ikipasuka je?"

"Chini ni zege, mama. Lakini kule hata ziwa lenyewe huganda, malori yanapita juu."

"Ziwa linasimama?"

"Linasimama."

"Basi wewe umeona," alisema, na alisema kwa heshima. Mpaka leo sijasifiwa vizuri kuliko hivyo.

Katika watu waliokuja kila Jumapili, mmoja hakuwa anauliza mpira uko wapi. Alikuwa kocha wa timu ya kandanda ya mtaani kwetu, mtu mwembamba wa makamo, aliyepunguzwa kazi kiwanda cha umma kilipokuwa kinatafutiwa mnunuzi. Timu ilicheza ligi ya wilaya, na posho yake ya ukocha ndiyo iliyokuwa kazi yake. Wote tulimwita mwalimu. Alikaa chini, karibu kabisa na kioo, na macho yake hayakufuata kidonge. Alimtazama yule mzee aliyesimama nyuma ya benchi, mikono mfukoni.

"Injinia," aliniuliza siku moja wengine walipoondoka, "huyu mzee huwa anawaambia nini?"

Nikamweleza yote: pokea, toa, nenda pasipo na mtu. Nikamweleza kuhusu mastaa walioondoka na vijana wa chunusi. Alisikiliza kama mtu anayeelekezwa njia ya hospitali.

Ukweli ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameshaanza kazi ya namna hiyo kabla hajaiona kanda yoyote. Alikuwa amewaweka nje wachezaji wakongwe wa Mkolani, akiwemo mshambuliaji mnene aliyependwa na watu wote, na kuwaleta wanafunzi kutoka Buswelu na Nyegezi, vijana wasiojulikana hata majina. Timu ikafungwa. Ikafungwa tena. Na klabu ile ilikuwa na tabia moja: kocha akishamaliza ligi yake ya kwanza, akifungwa tu anafukuzwa. Walikuwa wamefukuza makocha wengi mpaka ikawa hakuna wa kutoka mbali aliyekubali kuja.

Aliyetaka afukuzwe zaidi ya wote alikuwa katibu wa klabu, kijana msomi wa maneno, mwenye duka la vipuri vya baiskeli. Yule mshambuliaji mnene alikuwa mdogo wake, tumbo moja.

Mwenyekiti alikuwa mzee Msukuma, mtu mkubwa, aliyetajirika biashara ya pamba ilipoachiwa watu binafsi. Mikutano ilifanyika kwenye ghala lake, wanachama wamekaa juu ya marobota. Alikuwa mtu wa kusema neno moja na kulisimamia. Kwenye pamba, wakulima walimpelekea mzigo kabla hajatoa fedha, kwa sababu hakuwahi kurudi nyuma ya alichosema mbele ya watu. Hilo ndilo lililomtajirisha, na kila mtu alilijua.

Jumapili moja akaja mwenyewe barazani kwangu. "Mwadila," alisalimu kwa Kisukuma cha mchana, tukaitika, tukampa kiti kikubwa. Katibu alikuwa nyuma yake. Nadhani walikuwa wamekuja kumchukua mwalimu, maana mkutano wa wanachama ulikuwa umeitishwa kumjadili, lakini mwenyekiti aliona kioo akaanza kutazama. Ilikuwa kanda ya msimu ule wa kufungwa. Vijana wa chunusi walikuwa wanachapwa vibaya.

"Hawa wanaingia na kutoka kama nyuki," alisema baada ya muda. "Sasa nani amecheza?"

"Wote, mzee. Kule mtu anakimbia kidogo kwa nguvu zake zote, anatoka kupumua, anarudi."

"Na yule mzee nyuma yao?"

"Ndiye kocha."

"Anafungwa hivi kila siku?"

"Msimu mzima, mzee. Na uliotangulia."

"Na hawajamfukuza?"

"Hawajamfukuza."

Mwenyekiti akatazama tena. Mzee wa kule alikuwa ameinama kumwambia kitu kijana aliyekosa, na kijana anatikisa kichwa kukubali. Matokeo yalikuwa aibu tupu, lakini wale wawili walizungumza kama mafundi juu ya injini.

Katibu alikohoa. "Mwenyekiti, wanachama wanasubiri kule."

Mwenyekiti alisimama. Baraza lilikuwa limejaa, na wachezaji wenyewe walikuwepo wamekaa ukutani. Akaelekeza kidole kwenye kioo.

"Sikilizeni. Wazungu wana pesa, wana vifaa, na wanamvumilia mzee huyu. Sisi ni nani tushindwe? Nasema hivi. Siku yule mzee nitakapoona ameondolewa pale nyuma ya benchi, siku hiyo hiyo na mwalimu wetu ameondoka. Kabla ya hapo mtu asiniletee habari za kocha."

Watu walipiga makofi. Mwalimu hakupiga. Alinigeukia mimi, na mimi nikamwelewa. Kanda zile zilikuwa zinafika miezi mingi baada ya mechi kuchezwa. Mwenyekiti alikuwa amemfunga mtu wa Mkolani kwenye mguu wa mtu aliyeko upande mwingine wa dunia, ambaye hakujua habari zake, na ambaye hatukujua kama bado yupo.

Katibu alilitambua upesi, ni mtu mwenye akili. Jumapili iliyofuata aliniuliza mbele ya wote, kwa upole mkubwa, "Dada injinia, hii mechi imechezwa lini?"

"Zamani kidogo."

"Kwa hiyo huyu mzee huenda keshatimuliwa, na sisi tunamtazama tu hapa kama picha ya marehemu?"

"Huenda," nikasema. Mimi sidanganyi watu, hasa kuhusu mambo ninayoyajua kuliko wao. "Tutaona kanda ijayo."

Kuanzia hapo baraza langu halikutosha. Watu waliposikia kifurushi kimefika posta walikuja mapema, na nilipobonyeza kitufe hakuna aliyetazama barafu. Wote walitazama nyuma ya benchi. Wakimwona mzee, walipumua, ndipo mechi ikaanza kwao. Niliweka sharti kwamba sitazami kanda yoyote peke yangu kabla ya Jumapili, asije mtu akasema injinia amechagua ya kuonyesha. Wanawake waliokuwa wakisuka ukili pembeni walijua sheria za mchezo ule kuliko watu wengi wa Ulaya ya kusini.

Na jambo la ajabu likaanza kuonekana, pande zote mbili. Kwenye kioo, vijana wa chunusi walianza kufungwa kwa shida. Wakatoka sare. Wakashinda moja, halafu wakafungwa vibaya, halafu wakashinda tena. Hapa kwetu mwalimu aliwapeleka vijana wake kwenye kiwanja cha vumbi kila jioni na kuwanyima ruhusa ya kupiga golini. Wapita njia waliwacheka. "Hao wanacheza rede ya wasichana?" walisema. Nilipotoka kazini nilisimama pale na sare yangu ya kiwandani, harufu ya samaki na amonia, na nilihisi niko ukumbini tena. Vumbi lilikuwa linapanda, ng'ombe wa mtu anakatiza kiwanja, na katikati yake mpira ulikuwa unapita mguu hadi mguu kama uzi kwenye sindano. Nimeishi kwenye nchi mbili, na katika nchi zote mbili nimeona kitu hicho kikitengenezwa kutoka kwenye watu ambao hakuna aliyewataka. Sijui kama kuna wengi wanaoweza kusema hivyo.

Kisha kikaja kifurushi kingine.

Niliweka kanda. Chenga za kioo za mwanzo wa kanda zikapita, muziki wa mashabiki, taa. Kamera ikapita juu ya benchi, na nyuma ya benchi alikuwa amesimama mwanamume mwingine. Kijana, suti ya kijivu, anatafuna kitu.

Kamera ikarudi mara ya pili. Bado ni yeye.

"Labda mzee anaumwa," alisema mama muuza dagaa.

Nikasikiliza mtangazaji. Ningeweza kunyamaza, ni mimi peke yangu niliyekijua Kifini kuanzia Mwanza mpaka Musoma. Nikawaambia alichosema. "Wamemfukuza. Baada ya sikukuu. Wenye timu walitaka mambo yaende haraka zaidi."

Katibu hakucheka, nimpe haki yake. Alisema tu, kwa sauti ya mkutano, "Mwenyekiti, wanachama wanakumbuka."

Mwenyekiti alikuwa ameshika mikono ya kiti. Mwalimu, pale chini karibu na kioo, hakugeuka.

"Acheni mechi iishe," mwenyekiti alisema.

Basi tukatazama. Na nitakayoyasema sasa niliyaona mimi na watu wote waliokuwepo. Mwalimu alianza kuongea, taratibu, kama anaongea peke yake. "Sasa atampa wa kushoto," alisema, na kijana wa kule barafuni akampa wa kushoto. "Wa kushoto hatapiga. Atarudisha." Akarudisha. "Sasa yule mrefu ameshaondoka, anaenda pasipo na mtu." Na yule mrefu alikuwa ameshafika pale, peke yake, na kidonge kikamfuata, na taa nyekundu nyuma ya goli ikawaka. Mwalimu hakuwa amewahi kugusa barafu zaidi ya ile ya kwenye soda. Lakini alikuwa anawaona kabla hawajafanya, mara kwa mara, na baraza zima likamsikiliza yeye badala yangu. Yule mzee hakuwepo ukumbini, na bado alikuwa yupo kwenye kila mguu, na mtu pekee duniani aliyekuwa akimsoma alikuwa amekaa kwenye mkeka Mkolani.

Walishinda. Kocha wa suti ya kijivu alipeana mikono na watu.

"Huyo mpya amefanya nini?" mwenyekiti aliniuliza.

"Amesimama, mzee."

"Na vijana ni wa nani?"

"Wa yule aliyeondoka."

Akatikisa kichwa polepole. Halafu akainuka, akavuta shati chini, akasema mbele ya watu wote, "Mwalimu, kuanzia sasa wewe si kocha wetu. Nilisema, na watu walisikia."

Mwalimu alisimama, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Ahsante, mwenyekiti. Neno lako lisimame." Akavaa ndala zake, akaondoka. Wachezaji walibaki ukutani wakitazama magoti yao.

Mimi si mtu wa kunyamaza nyumbani kwangu. "Mzee," nikasema, "umemfukuza mtu kwa sababu ya kanda ya video?"

"Nimemfukuza kwa sababu ya mdomo wangu, mwanangu. Nikilivunja neno langu leo kwenye mpira, kesho nani atanipa pamba yake?" Akamgeukia katibu. "Katibu, klabu haina kocha. Kesho jioni kamati ikae. Na injinia aje, ni mtaalamu wa ng'ambo."

Nilikwenda nimevaa gauni langu la Finland, nikapewa robota la mbele. Katibu alikuwa amejiandaa. Alitaja kocha wa mjini, mwenye cheti na jina. Wajumbe wakakubali kwa vichwa.

"Injinia," mwenyekiti akasema, "kule, timu ikishajengwa na mtu akaondoka, aje mtu wa namna gani?"

"Aje mtu ambaye hatabomoa."

"Vizuri. Basi na mimi nina jina. Kuna mtu wa hapa hapa, anaujua mpira, na hana kazi tangu jana."

Mjumbe mmoja akaanza kucheka, na kicheko kikasambaa juu ya marobota.

"Mwenyekiti," katibu akasema, "yule tumemfukuza."

"Ndiyo maana yuko huru."

"Lakini ni yule yule."

"Yule wa jana alikuwa kocha wa zamani, na nimemwondoa kama nilivyosema. Huyu ni kocha mpya. Na kocha mpya kwenye klabu hii hapewi lawama mpaka ligi nzima iishe. Si wewe, katibu, uliyelisimamia hilo tulipomleta yule rafiki yako kuwa kocha?"

Katibu akaweka kalamu chini. Alikuwa kweli amelisimamia. Niliwatazama watu wale wa pamba na baiskeli, ambao hawakuwa wamevuka hata mpaka wa nchi, na nikawaza juu ya wenye timu wa kule, kwenye ofisi zao za vioo, ambao hawakuwa wameweza kupata njia ya kumrudisha mtu waliyemkosea. Nilikuwa nimekaa kwenye vyuo na kwenye kumbi, na sikuwa nimewahi kuona akili ya namna hiyo ikifanya kazi mbele yangu.

Jumatatu ile ile mjumbe alitumwa kwa mwalimu. Jioni ya siku iliyofuata akapokelewa kiwanjani kama klabu ilivyopokea makocha wote. Desturi yao ilikuwa wachezaji wanapanga mstari, kila mmoja anapita mbele ya mgeni, anataja jina na namba anayocheza. Nilidhani wataifupisha, maana wote walikuwa vijana aliowaleta yeye mwenyewe. Hawakuifupisha. Mwenyekiti alisema kwa sauti kubwa, "Huyu ndiye kocha wetu mpya, mkaribisheni," na vijana wakapanga mstari, nyuso zimekazwa ili wasicheke.

Wa kwanza akapita. "Shikamoo, mwalimu." Akataja jina lake. "Nacheza namba saba."

Tulitegemea mwalimu atacheka naye. Alimshika mkono, akamtazama kutoka miguuni mpaka usoni, kwa muda, kama mtu asiyemjua. "Marahaba. Nani alikuambia wewe ni namba saba?"

Aliyemwambia alikuwa ni huyo huyo anayemuuliza.

"Leo jaribu sita," mwalimu akasema. "Unaona mbali wewe. Pembeni unapotea."

Wa pili akaja bila kutabasamu. Na wa tatu. Kila mmoja aliulizwa, na wengine wakabadilishwa, na vijana walianza kusimama wima kama watu wanaoanza kazi. Mtu yule hakuwa anaigiza. Alikuwa amepewa nafasi ya kuitazama timu yake upya, na alikuwa anaitumia, mbele ya macho yetu, akikiona alichokosea mwenyewe na kukirekebisha bila kumwomba mtu yeyote radhi.

Mstari ulipokaribia kwisha nikaona mtu amesimama nyuma ya vijana, mnene, amevaa jezi iliyombana tumboni. Alikuwa mdogo wake katibu. Watu wote kiwanjani walikuwa wamemwona. Katibu alikuwa ameacha kuzungumza na mjumbe wa jirani.

Alipofika mbele alitazama chini. "Shikamoo, mwalimu," alisema, kama wale vijana. Akataja jina. "Mimi ni mshambuliaji."

"Umewahi kucheza wapi?" mwalimu akamuuliza.

"Hapa hapa. Zamani, kwa kocha aliyetangulia."

"Mlipatana?"

"Hatukupatana."

Mwalimu akafikiri. "Mimi simjui," alisema. "Hapa kwangu hakuna kupiga golini mpaka nitakaposema. Utaweza?"

"Nitajaribu."

"Viatu unavyo?"

Alikuwa navyo mkononi, amevificha nyuma ya mgongo. Akakaa kwenye vumbi kuvivaa, na mmoja wa wale wanafunzi wa Buswelu, bila kuambiwa, akachuchumaa kumsaidia kufunga kamba, maana tumbo lilimzuia kuinama. Kisha wakaingia wote. Mpira ukaanza kupita, mguu hadi mguu, na ulipomfikia yule mnene akautuliza, akatazama goli kwa uchu mbele ya watu wote, akautoa kwa kijana wa kushoto, na akaanza kukimbia, akihema, kwenda mahali pasipo na mtu.